UHURU WA ULIMI NA HAKI YA JIRANI

(Maneno haya yalisomwa mbele ya wanachama tawini kwetu, usiku, baada ya sala ya isha. Twayachapa kama yalivyosomwa, kwa ombi la waliohudhuria na kwa faida ya wasiohudhuria.)

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wetu, mabibi na mabwana, na nyinyi vijana mliokaa huko nyuma karibu na mlango:



Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, twasema kwamba tumetakiwa usiku huu tuzungumze juu ya sheria, na sisi si wanasheria. Elimu yetu ni ya chuoni, na baada ya chuo ni elimu ya dukani: kupima, kuhesabu, kukopesha na kungoja kulipwa. Walakini sheria ya maneno si mali ya mawakili peke yao. Kila mwenye ulimi yamhusu, na hapana hata mmoja humu ndani aliyeuacha wake nyumbani.

Sababu ya mazungumzo haya baadhi yenu mwaijua. Mwezi uliopita kijana wetu mmoja, mwanachama mwema na mwenye kujitolea, alituletea karatasi akitaka ichapwe katika jarida letu hili. Ilikuwa ni orodha. Juu yake pameandikwa kwamba wananchi wawajue wanaowanyonya. Chini yake yamefuata majina kumi na moja ya wenye maduka na vibanda vya soko, na mbele ya kila jina pametajwa alikotoka mtu huyo, au alikotoka baba yake, na mtaa anaolala. Mwisho wa karatasi pana neno moja tu: "Mshawajua."

Sisi tulio katika kamati ya jarida tuliikataa. Kijana akaghadhibika, akasema, "Ami, nyinyi kila siku mwalilia uhuru wa kusema. Leo nimesema mimi, mmenifunga mdomo. Basi tofauti yenu na Serikali ni ipi?"

Hatukuliona suala hili kuwa ni utovu wa adabu. Ni suala la haki, na aliyeuliza suala la haki astahiki jawabu. Tulimuahidi kwamba tutamjibu mbele ya watu, naye amekuja, amekaa humu. Jina lake hatulitaji, wala msigeuze shingo kumtafuta.

Kwanza tuitazame sheria ilikotoka. Waingereza walipotawala visiwa hivi na nchi za jirani walileta kosa liitwalo uchochezi. Katika sheria zao za makoloni nia ya uchochezi ilielezwa kwa mambo mengi yaliyowekwa pamoja. Kuwatia watu chuki au dharau juu ya Serikali ni uchochezi. Kuwafanya raia wasiridhike na utawala ni uchochezi. Na katika maelezo yale yale, kutia uadui baina ya makundi mbalimbali ya raia nako ni uchochezi. Zingatieni hapo, ndugu zetu. Mambo mawili yasiyofanana yalitiwa katika kikapu kimoja, kumchukia mtawala na kumchukia jirani. Ni sawa na mwenye duka aliyeweka debe la mafuta ya taa linalovuja juu ya gunia la mchele. Mwisho hana mchele wala hana mafuta.

Kikapu hicho kilitumikaje? Mwaka 1954 halmashauri nzima ya Jumuiya ya Waarabu ilipelekwa mahakamani hapa Unguja kwa kosa la uchochezi, kwa sababu ya makala yaliyotoka katika gazeti la Al-Falaq. Mwaka 1962 Abdulrahman Mohamed Babu alifungwa hapa hapa kwa kosa hilo hilo. Na ng'ambo, mwaka 1958, Mwalimu Julius Nyerere alishitakiwa kwa kosa lililo ndugu wa uchochezi, yaani kashfa ya jinai, kwa yale yaliyotoka katika Sauti ya TANU juu ya Mabwana Shauri wawili. Sauti ya TANU haikuwa gazeti la mtambo mkubwa. Ilikuwa karatasi ya kupigwa taipu na kudurufiwa, kama hii yetu. Hakimu akamhukumu faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita, na faini ikalipwa. Watu hawa hawakuwa wa chama kimoja wala wa fikira moja, na wengine wao baadaye walikuwa mahasimu. Lililowakusanya ni kwamba walimsema mwenye nguvu, na mwenye nguvu alikuwa na sheria mkononi.

Bendera ya Waingereza ilishuka hapa Desemba 1963. Kikapu kikabaki. Waliokuja baadaye, bara na visiwani, walikikuta kimetundikwa mlangoni wakaona chafaa. Visiwani ilitungwa Sheria Namba 5 ya mwaka 1988 juu ya magazeti na vitabu, iliyompa Waziri uwezo wa kufunga gazeti; na Novemba 2003 gazeti la kila wiki la Dira lilifungwa na Serikali. Bara ilitungwa Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016, na ndani yake uchochezi ukapewa vifungu vyake, cha 52 na cha 53. Basi tunapolalamika, wanachama, hatulalamiki kwa uzushi. Jambo lenyewe limeandikwa.

Sasa tuugeuze uso tutazame upande wa pili wa kikapu, upande wa jirani, kwani hapa ndipo penye maumivu yetu wenyewe.

Wazee waliomo humu wanazijua zama za siasa, tangu uchaguzi wa 1957 hata 1963. Magazeti na majukwaa ya kila upande, na twasema kila upande wala hatumtoi mtu, yaliwaita watu kwa asili zao na kuwahesabia nani mwenye nchi na nani mpitaji. Watu waliacha kununua katika duka la mtu kwa sababu ya chama chake au kabila lake. Wakulima walifukuzwa katika mashamba waliyoyakaa miaka. Watu walisusiana harusi na maziko. Ilipofika Juni 1961, siku ya uchaguzi na siku zilizofuata, waliuawa watu 68. Na Januari 1964 kila nyumba ya visiwa hivi ina khabari yake, nasi hatutazifungua usiku huu. Twasema hivi tu: Serikali ya Kiingereza ilikuwa na sheria ya uchochezi kamili yenye meno, ikawauma nayo waandishi, na meno yale hayakumlinda hata mmoja katika wale 68. Sheria iliyokuwa ikikesha mlangoni kwa mtawala haikuwa na wasaa wa kukesha mlangoni kwa jirani.

Wala tusiseme kwamba hayo ni ya wazee peke yao. Sisi tulizaliwa Pemba, na mwaka 1995, ulipofanywa uchaguzi wa vyama vingi baada ya miaka zaidi ya thalathini, tulikuwa bado twasoma chuoni. Marehemu baba yetu alikuwa na duka la mlango mmoja. Baada ya uchaguzi ule kijiji kiligawika. Huyu hasemi na yule, duka hili halimuuzii fulani, maziko ya hawa hayaendewi na wale. Hapakuwa na mtu aliyetunga sheria ya mambo hayo. Yalikuwa ni maneno tu, yakisemwa barazani na kwenye kahawa. Usiku mmoja mwanamke wa jirani aligonga mlango wetu wa uani. Mama yake amefariki, na maduka mawili yamekataa kumuuzia sanda kwa sababu ya chama cha mumewe. Baba aliteremsha robota la bafta, akampimia yadi zake, akamtilia na ubani, akampa kijana wa kumchukulia. Asubuhi tulikuta mlangoni pameandikwa kwa mkaa neno moja: Kibaraka. Miezi saba watu walipita mbele ya duka letu kama hawalioni. Na waliotususia, ndugu zetu, hawakuwa watu wa chama cha yule mwanamke. Walikuwa ni wenzetu, tuliokuwa tukiketi nao kikao kimoja kama hiki.

Kwa hiyo alipotuwekea kijana wetu orodha ile mezani, sisi tuliuona mkaa.

Lakini kuuona mkaa si hoja ya sheria, na kijana alitaka hoja. Basi twendeni Arusha, kwani katika mji ule mmoja zimekaa mahakama tatu, na kila moja imesema jambo juu ya maneno.

Ya kwanza ni ile ya Umoja wa Mataifa iliyohukumu mambo ya Rwanda, nayo ilikwisha kazi yake mwaka 2015. Julai 1993 kulianza kutangaza Rwanda redio iitwayo RTLM. Ilipiga muziki, ikafanya mzaha, vijana wakaipenda. Kidogo kidogo Watutsi wakawa wanaitwa inyenzi, maana yake mende. Na mtu akishaitwa mende, anayemkanyaga hajioni kuwa ameua. Ilipofika Aprili 1994 redio ile ilitaja watu kwa majina yao na mahali walipo, na waliotajwa walifuatwa. Katika siku kama mia moja waliuawa watu wapatao 800,000 kwa hesabu ya Umoja wa Mataifa, na Serikali ya Rwanda yasema ni zaidi ya milioni moja. Tarehe 3 Desemba 2003 mahakama iliwatia hatiani Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza, waliokuwa katika waasisi wa redio ile, na Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti la Kangura.

Wakakata rufaa, na hukumu ya rufaa ya tarehe 28 Novemba 2007 twaomba muisikilize sana. Majaji walifuta baadhi ya makosa na kupunguza adhabu, Nahimana miaka 30, Barayagwiza 32, Ngeze 35. Walipambanua kwamba maneno ya chuki ni jambo moja, na kuwachochea watu waziwazi na moja kwa moja wafanye mauaji ya kimbari ni jambo jingine. Matangazo ya kabla ya tarehe 6 Aprili 1994, pamoja na uovu wake, hayakuthibitika kuwa ni uchochezi wa moja kwa moja wa kuua. Yaliyothibitika ni ya baada ya tarehe ile. Tazameni uangalifu huo. Hata mbele ya bahari ya damu, majaji hawakusema kwamba kila neno baya ni jinai ya namna moja.

Mahakama ya pili ni ya Afrika ya Haki za Binadamu. Huko ilifika kesi ya Lohé Issa Konaté, mhariri wa Burkina Faso, aliyefungwa miezi kumi na miwili kwa makala juu ya mwendesha mashitaka. Tarehe 5 Desemba 2014 majaji walisema kwamba kumfunga mtu kwa kosa la kashfa kumevunja haki yake. Wakaongeza kwamba kifungo kwa maneno hakifai isipokuwa katika mambo mazito na ya nadra, kama kuchochea hadharani chuki, ubaguzi au nguvu juu ya watu kwa sababu ya rangi, dini au taifa lao. Ya tatu ni Mahakama ya Afrika ya Mashariki, ambayo tarehe 28 Machi 2019 iliamua kwamba vifungu vingi vya ile Sheria ya Huduma za Habari, na vya uchochezi vikiwemo, vimekwenda kinyume na Mkataba wa Jumuiya.

Basi wekeni hukumu hizo tatu pamoja, mtaona kwamba Arusha imekitenga kikapu. Aliyemsema mtawala au ofisa, hata kwa ukali, asifungwe. Aliyewaelekezea watu jirani yao kwa asili yake ili atendwe ubaya, huyo anaweza kushikwa. Na aliye baina ya hao wawili apimwe kwa uangalifu.

Apimwe kwa mizani gani? Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa mwaka 1966, ambao Tanzania iliukubali mwaka 1976, una vifungu viwili vinavyofuatana. Cha 19 chatoa uhuru wa kusema, na chataka kila mpaka uwekwe na sheria iliyo wazi, kwa haja ya kweli. Cha 20 chataka sheria ikataze kuhubiri chuki ya taifa, rangi au dini inayochochea ubaguzi, uadui au nguvu. Na Oktoba 2012, huko Rabat, Morocco, wataalamu waliokusanywa na Umoja wa Mataifa walitoa vipimo sita vya kumpima msemaji. Sisi twaviita mawe sita ya mizani, nayo ni haya: hali ya nchi wakati wa kusema, cheo cha msemaji na nguvu yake juu ya wanaomsikia, nia yake, maneno yenyewe na namna yalivyosemwa, wingi wa watu yaliowafikia, na ukaribu wa madhara.

Tuipime basi kauli ya kwanza: "Waziri huyu hafai, na waliomweka ni wezi." Hiyo ni kali, na pengine si kweli. Lakini Waziri ana ulinzi, ana redio, ana mawakili, naye aweza kujibu kesho asubuhi. Madhara yake ni fedheha, na fedheha ni ada ya cheo. Akiona amezuliwa, afungue daawa ya madai kama raia yeyote, aliyemzulia amlipe; gereza halina kazi hapo.

Tuipime sasa orodha ya kijana wetu. Hali ya nchi ni visiwa vyenye makovu ya 1961 na yaliyofuata. Msemaji ni chama ambacho watu humu ndani wako tayari kukifuata. Maneno yenyewe hayasemi pigeni wala hayasemi chomeni, hilo twalikubali kwa insafu, lakini yanataja mtaa anaolala mtu, na kununua sukari hakuhitaji kujua muuzaji analala wapi. Kuenea kwake, jarida hili ni nakala chache, walakini karatasi ikipigwa picha kwa simu huzunguka visiwa vyote kabla ya alfajiri. Ama nia, Mungu ndiye aijuaye, nasi twamdhania kheri. Lakini mizani haikai sawa.

Na hapo kijana, ambaye ni msomaji, alitujibu kwa kesi moja ya Marekani, nasi hatutaificha kwa kuwa ni hoja yake iliyo bora. Huko Port Gibson, Mississippi, mwaka 1966, watu weusi walisusia maduka ya weupe. Majina ya wenzao waliovunja msuso yalisomwa mikutanoni na kuchapwa katika karatasi ya kudurufiwa, kama hii hii yetu. Wenye maduka wakadai fidia, na tarehe 2 Julai 1982 Mahakama Kuu kabisa ya nchi ile ikaamua kwamba kususia kwa amani, na hata kuyataja majina yale, kumo ndani ya uhuru wa kusema. Anayelipa ni yule aliyetumia nguvu, kwa nguvu alizozitumia. Kijana akatuuliza, "Kama Mississippi inaruhusiwa, kwetu kwa nini isiruhusiwe?"

Jawabu letu ni hili. Kususia ni haki, nasi hatulazimishi mtu anunue kwetu wala kwa mwengine. Lakini watu wa Port Gibson waliwaandikia wenye nguvu madai yao: weusi waajiriwe, waitwe kwa heshima, watendewe sawa mbele ya Serikali. Kila madai yale mtu aliweza kuyatimiza, na akiyatimiza ugomvi umekwisha. Orodha yetu inadai nini? Mtu aliyetajwa humo afanye nini ili jina lake lifutwe? Mtu aweza kurekebisha alilolitenda. Hawezi kurekebisha alikozaliwa. Adhabu isiyo na mlango wa kutokea si madai ya siasa. Na sisi tuliotoka Pemba tukaja kufungua duka mjini hapa twajua inavyokuwa kuulizwa kwenu wapi na mtu ambaye haulizi kwa kutaka kukusalimia.

Tena, ndugu zetu tuliopita chuoni, twajua kwamba Surat al-Hujurat inakataza watu kudharauliana na kuitana majina ya kuudhi. Amri ile haikuwekewa sharti kwamba jirani awe wa chama chetu.

Turudi kwa lile suala: tofauti yetu na Serikali ni ipi? Tofauti ni kwamba sisi tumekataa kuchapa, hatukumwita polisi. Jarida lina nafasi ndogo na dhamana kubwa, na mhariri anayechagua la kuchapa hamfungi mtu mdomo, kwani mwenye orodha bado ana ulimi wake na kalamu yake. Serikali ikikataza, hukataza kila mahali na kwa pingu. Wala hatutaki kijana wetu afungwe kwa orodha ile. Baina ya neno na gereza pana mambo mengi, nayo ni kuambiwa, kujibiwa, kukatazwa na wazee, na kuombana radhi. Sheria iwe ya mwisho, kwa lile neno ambalo madhara yake yako mlangoni. Na mshika mizani awe hakimu aliye huru, mbele ya watu, si Waziri peke yake ofisini. Kwani hata sheria ya chuki, ikishikwa na mwenye kuiogopa sanduku la kura, hugeuka kuwa uchochezi wa zamani uliovaa kanzu mpya. Tazameni Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, inayofika bara na visiwani. Kifungu cha 16 ni cha khabari za uongo, na cha 17, kinachokifuata, ni cha maandishi ya kibaguzi. Vyakaa jirani, na ni rahisi mkono uliokwenda kwa ajili ya kimoja kuchukua kingine. Tukipinga kutumiwa vibaya kwa kile cha kwanza ilhali sisi wenyewe twavunja cha pili, tumewapa wapinzani wetu hoja bila ya bei.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo lililotufanya tusilale. Tulimwita kijana dukani, tukamuuliza kwa upole lililomkera. Akaeleza. Vibanda vya soko viligawiwa; yeye na wenzake waliandika maombi, wakangoja, hawakupata; baadhi ya wale kumi na moja walipata. Tukamuuliza, "Ni wao waliogawa?" Akasema, "Hapana, ni ofisi." Tukamuuliza, "Ofisi hukuiandika kwa nini?" Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Ami, nikiiandika ofisi nitaitwa mchochezi. Hawa hawawezi kunifanya kitu."

Ndugu wanachama, hapo ndipo tulipofahamu madhara ya kikapu kile yanavyofika mbali. Sheria inapomtisha mtu asimseme aliyetia saini, hasira yake haifi. Humwacha aliye juu ikamteremkia aliye kando. Kijana wetu hakumchagua jirani kwa kumchukia. Alimchagua kwa kuwa ndiye aliyeweza kutajwa bila ya khofu. Basi uhuru wa kumsema mtawala na usalama wa jirani si vitu viwili vinavyopigana, kama tuambiwavyo kila gazeti linapofungwa. Mlango wa kumsema mtawala ukifungwa, jirani ndiye atakayebeba.

Kwa hiyo kamati ya jarida imeamua mambo matatu, nayo twayaweka mbele yenu. Kwanza, jarida hili halitachapa asili ya mtu, kabila lake wala mtaa anaolala kuwa ni hoja juu yake, awe wa chama chetu au wa chama kingine. Pili, jambo alilolitenda mtu mwenye madaraka litachapwa kwa cheo chake na kwa tarehe yake, likiwa na ushahidi, hata kama ni chungu. Tatu, makala ya namna hiyo hayataachwa yabebwe na mwandishi kijana peke yake. Kamati nzima itatia majina chini yake, na ikiwa kuna kuitwa, tutaitwa pamoja. Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984, kifungu cha 18, yatupa haki ya kutoa mawazo. Haki hiyo haidumu kwa kusomwa kitabuni, yataka watu wa kusimama nayo.

Nawe mwanetu, uliyekaa huko nyuma. Orodha yako tunayo, haikuchanwa, waweza kuichukua. Lakini twakuomba uandike upya: vibanda vilikuwa vingapi, tangazo lilitolewa lini, maombi yalipokewa na nani, na nani aliyetia saini. Andika kama unavyoandika hesabu ya duka, bila ya tusi na bila ya khofu. Jarida litakwenda kudurufiwa siku ya Alkhamisi. Nusu ya ukurasa wa nne tumeiacha wazi kwa ajili yako, na majina yetu tumekwisha kuyaandika chini yake.